Nyuki wa Mtungi Mmoja

1

Aliyeijenga Nyumba ya Mfungo nyuma ya soko la kuku la Singida, ama hakuwahi kulala na njaa maishani mwake, ama aliwahi na akaona si vibaya wengine nao waonje. Madirisha ya upande wa mashariki yote yalitazama vibanda vya wachoma kuku. Kila asubuhi upepo, ule ule unaozungusha mapanga makubwa ya kuzalisha umeme juu ya vilima vya mawe, ulipita kwanza majikoni, ukajipakia moshi na limao na pilipili, ndipo ukaingia kwa wagonjwa.

"Huyo wa mwanzo amezidisha chumvi," alisema Tausi, macho kayafumba. "Na kuku wake hakulala kwenye limao. Kampaka juu juu tu, anadanganya watu."

Siwema alicheka kwa pua. Ilikuwa siku ya pili ya mfungo, siku ambayo hata kicheko kinakuchosha. Walilala wanne chumba kimoja, vitanda viwili huku na viwili kule, na kila mmoja alikuwa na kitaa kidogo kilichowaka ndani ya ngozi, chini ya mtulinga. Kitaa cha kijani maana yake damu imeishiwa sukari na mambo yanakwenda. Njano, mwili unalalamika. Nyekundu walikuwa wameelezwa tu, hawajaiona.

Kifaa chenyewe kilikuwa na jina refu la kitaalamu ambalo hakuna aliyejisumbua kulishika. Wanawake walikiita mzinga, kwa sababu ndani yake walikaa nyuki.

"Mwenyekiti, mnyamazishe mwenzio," Bi Sikujua alimwambia Siwema kutoka kitanda cha ukutani. Alikuwa mwalimu mstaafu, mkubwa wao kwa umri. Ziwa lake moja lilishakatwa na la pili lilikuwa mashakani, lakini ulimi ulikuwa mzima kabisa. "Nimekuja kutibiwa, sikuja kuhadithiwa kuku."

"Shikamoo, bibi," alisema Tausi.

"Marahaba. Nyamaza."

Jenista, mdogo wao, hakucheka wala hakununa. Alikaa dirishani akitazama picha za mapacha wake kwenye kioo cha mkononi, anaipitisha hii, anairudisha ile. Wanawe walikuwa kwa mama yake huko Kiomboi na walikuwa bado hawajajua kusema mama vizuri.

Siwema aliinuka, akajimiminia maji ya chumvi kwenye kikombe cha bati, akampelekea na Tausi. Hapo ndipo alipoona rafiki yake amejitanda kanga hadi shingoni, na joto lile. Akaifunua kidogo, kwa mzaha, kama wanavyofanyiana watu waliokua pamoja. Kitaa cha Tausi kilikuwa cha njano.

"Tangu lini?"

"Tangu alfajiri. Funika bwana, Sista asije akaona akaanza kunichoma masindano." Tausi alipokea kikombe kwa mikono miwili, na bado maji yakamwagikia kifuani. "Si alasiri ndio wanatoka hao nyuki wako? Nitafika."

Siwema alimfunika. Alijiambia kwamba mtu mzima anaujua mwili wake. Tena alijiambia hivyo haraka haraka, akaenda kukaa kitandani kwake.

2

Hawakuwa nyuki, bila shaka. Walikuwa chembe hai, zisizoonekana kwa macho, zilizofugwa maabara kutokana na damu ya wanawake wote wanne ndani ya mtungi mmoja wa kioo. Kuwakuza kulichukua misimu miwili. Wakishakua waligawanywa, kila mwanamke akawekewa fungu lake kwenye mzinga, na humo walikaa wamesinzia wakisubiri njaa.

Njaa ndiyo ilikuwa ufunguo. Sista Agripina, muuguzi wa nyumba ile, aliwaeleza siku ya kwanza akitumia vidole vyake. Chembe nzima ya mwili, alisema, ukiinyima chakula hujikunja ikalala. Ya saratani haijui kulala. Imejifunza kula tu, na hata pasipo na kitu itaendelea kupapasa huku na huku. Mwili wote ukishalala, mizinga inafunguka, nyuki wanatoka, na chochote wanachokikuta macho wanakiua. Mtu akiwa ameshiba, kila kitu mwilini kiko macho, na nyuki hawamjui adui ni yupi. Kwa hiyo mzinga ukionja sukari kwenye damu haufunguki. Na nyuki waliokwisha kuamshwa wakafungiwa ndani hufa siku hiyo hiyo.

Mpaka hapo hakuna ubaya. Ubaya ulikuja kwa sababu ya tabia za watu wetu.

Mitungi ya mwanzo ilikuwa ya mtu mmoja mmoja, na karibu yote iliharibika. Mgonjwa alilala kwake, akafunga vizuri, halafu akaja shangazi na uji wa ulezi chini ya kanga. Akaja jirani na asali kwenye kijiko. Akaja mama mkwe, ambaye hajawahi kusikia ugonjwa unaotibiwa kwa kunyimwa, akasema huyu mtoto mnamuua, akamlisha mwenyewe kwa mkono wake. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Huku kwetu mgonjwa analishwa, na asiyelisha anasemwa. Nyuki wakafia mizingani, na wanawake wakazikwa na matumbo yaliyojaa upendo wa ndugu.

Ndipo mtaalamu mmoja mwenye akili nyingi akakumbuka vikoba. Si wanawake hawa hawa ndio wanaokopeshana kwa vikundi, mmoja akikwama wote wanabanwa? Basi wafungwe pamoja. Mtungi mmoja, damu ya wote, na mizinga inayoongea yenyewe kwa yenyewe hewani. Mmoja akila, yote inafunga. Hapo hakuna shangazi atakayepenya, kwa maana watatu wengine watamfukuza mlangoni kwa fagio. Mtaalamu alipigiwa makofi. Nyumba za Mfungo zikajengwa, kila kundi likachagua mwenyekiti, na mitungi ikaanza kufanya kazi kweli. Wanawake wengi walipona, hilo lisifichwe.

Kundi la Siwema lilikosa mtu wa nne kwa muda mrefu. Damu zilitakiwa zipatane, na zinazopatana ni chache. Siwema alikuwa na kinu cha kukamua alizeti njia ya Ilongero, mwanamke aliyezoea kufunga biashara siku hiyo hiyo, na kusubiri kulimla kuliko uvimbe. Daktari alikuwa amemwambia bila kuzunguka: umefika karibu na uti wa mgongo, mtungi ukianzishwa msimu huu utakufaa, ukianzishwa msimu ujao sidhani.

Kisha Tausi naye akaonekana ana kivimbe. Kidogo, kama punje ya mtama. Daktari alisema kinaweza kukatwa na kutazamwa, hakuna haraka. Siwema alisikia habari hizo akamwonea huruma rafiki yake, na huruma ile ile, kabla haijapoa, ikamkumbusha kuuliza kundi lake la damu ni lipi.

Alimfuata kwenye kibanda chake cha chakula. Tausi alikuwa anakoroga mlenda, mkono wa kulia unazunguka kwenye sufuria pasipo yeye kuutazama.

"Mimi na kufunga wapi na wapi, shoga yangu," alisema Tausi. "Kazi yangu kuonja. Toka utotoni nikichelewa kula natetemeka, wewe si unajua? Nilianguka mstarini shuleni, ukanibeba."

"Ndiyo maana nataka uwe na mimi. Nitakubeba tena."

"Na nikishindwa?"

"Ukishindwa utaniambia basi. Neno hilo moja tu. Siku utakayosema basi, mkono wangu ndio utakuwa wa kwanza kupanda."

Tausi alichota mlenda kidogo, akauonja kiganjani, akaongeza chumvi. Wakati Siwema alipofanyiwa upasuaji wa kwanza, ni kibanda hiki kilichowalisha wanawe watatu, wakingali shuleni, asubuhi na jioni, na hakuna siku Tausi aliyoitaja habari hiyo. Hakuitaja hata sasa.

"Haya," alisema. "Bila mimi si hamna mtungi."

3

Tausi alianguka adhuhuri ya siku ile ile ya pili, akitoka msalani. Siwema alisikia kishindo, kisha ndoo ikibiringika. Walimkuta amekaa sakafuni, mgongo ukutani, anatabasamu upande mmoja wa mdomo.

"Nani kahamisha mlango?" aliuliza. Maneno yalitoka yameshikana.

Walimbeba hadi kitandani. Kanga ilikuwa imemdondoka, na kitaa chake kilikuwa chekundu. Kilikuwa kidogo kama vile vingine, lakini wote watatu walijikuta wamerudi nyuma hatua moja.

Sista Agripina alikuja na kipimo chake, akakiweka shingoni mwa Tausi, akakitazama, akakiweka tena. Alikuwa mtu mpole mwenye uso wa mviringo, na uso ule ulikuwa umezoea kutoonyesha kitu.

"Sukari imeshuka mno," alisema. "Mwili wake hautengenezi akiba haraka kama wa kwenu. Nikimtundikia dripu ya sukari sasa hivi, atakaa sawa."

"Mtundikie basi," alisema Bi Sikujua. "Unangoja nini?"

"Nikimtundikia, mizinga yote inafunga, bibi. Nyuki wameshaamshwa tangu asubuhi. Hawatafika kesho."

"Na usipomtundikia?"

"Mizinga inafunguka alasiri. Ikishafunguka, nyuki wakamjua adui, hawamsahau tena; hapo hapo natundika." Sista alikunja mrija wa kipimo polepole. "Anaweza kufika alasiri akiwa salama. Anaweza kupata kiharusi, au moyo ukasimama. Kipimo kinasema mengi lakini hakisemi lipi."

"Kwa hiyo unaamua nini?"

"Mimi siamui. Ninyi ndio mnaojuana." Ilikuwa sentensi ya kwenye mafunzo, na aliitamka kama mtu anayerudisha kitu alichoazimwa. Muuguzi wa nyumba nyingine aliwahi kutundika dripu kwa huruma yake tu, mtungi ukafa, na familia za wale wengine zikamfuata mpaka kwake. Tangu hapo kauli ilikabidhiwa kwa kundi. "Mnajua utaratibu. Waliobaki wazima wanapiga kura. Mikono miwili ikipanda, natundika."

"Na mwenyewe?" Bi Sikujua alimwonyesha Tausi kwa kidevu. "Mwenyewe hana mkono?"

"Mwenye kitaa chekundu hahesabiwi. Mlikubali wote siku ya kwanza. Mtu mwenye njaa kiasi kile, kila mara atasema alishwe."

Walivyokuwa na akili watu wale! Walijua kabisa mwenye njaa atasema nini, wakaona dawa yake ni kutomuuliza.

Bi Sikujua hakusubiri hata kuitwa jina. Aliinua mkono wake, ule wa upande uliokatwa ziwa, mkono uliokuwa haupandi zaidi ya bega, akaushikilia kiwiko kwa mkono wa pili usije ukashuka. "Mimi nimeishi," alisema. "Siyo kwamba nimechoka kuishi, msije mkanielewa vibaya. Lakini siwezi kulala hapa nikimtazama mtu anakufa kwa kukosa sukari, na duka lipo pale nje."

"Jenista," alisema Sista.

Jenista alikuwa amejibanza dirishani, kioo cha mkononi kimegeuziwa tumboni. Alianza kulia kabla hajasema neno. "Wanangu hawajajua hata jina langu," alisema. "Nisameheni. Dada Tausi, nisamehe. Siwezi." Na mikono yake yote miwili akaikalia, mmoja huku mmoja kule, kama mtoto aliyeogopa itamtoroka.

Ukabaki mkono wa Siwema.

Alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, ameshika vidole vya Tausi, baridi, vimelowa jasho. Alasiri haikuwa mbali. Nje mchoma kuku mmoja alikuwa anaita wateja, na kivuli cha panga la umeme kilipita ukutani, kikaja, kikaondoka.

Tausi alifumbua macho. Ilimchukua muda kumpata Siwema alipo, na alipompata uso ukamlegea kama wa mtu aliyefika nyumbani.

"Siwema," alisema. "Basi."

Kila aliyekuwamo chumbani alilisikia. Halikumezwa wala kushikana na neno jingine. Lilitoka zima, kama alivyokuwa amelitunza.

Siwema alitafuta sababu. Alizitafuta kwa bidii, jinsi mtu anavyojipapasa mifukoni kondakta akiwa amesimama mbele yake. Aliwafikiria wanawe, lakini wanawe walikuwa watu wazima, mmoja fundi wa mitambo ya upepo, wawili wameolewa, wote wangemlia kisha wangeendelea na maisha yao. Alikifikiria kinu, na kinu kilikuwa na msimamizi. Hakukuwa na mtu hata mmoja duniani ambaye angekufa kwa kufa kwake. Alitaka kuishi, hivyo tu. Alitaka kuamka kesho na keshokutwa, aone mvua, agombane na wauza alizeti, ale. Hamu hiyo ilimjaa mpaka kooni, haikuwa na adabu wala haya, na ndipo akajua kwamba mtu anaweza kumpenda mwenzake kwa moyo wote na bado mkono usipande.

Ndivyo ilivyokuwa. Mkono haukupanda.

"Mwenyekiti?" alisema Sista Agripina.

"Namfikiria Jenista," alisema Siwema. "Wale mapacha." Aliona Bi Sikujua akimtazama, kwa hiyo akaongeza, na sauti ilikuwa ile ile anayowaambia wateja kinuni: "Alasiri si hapo tu. Tausi anaweza kungoja."

Vidole vya Tausi havikujivuta. Viliendelea kulala mkononi mwa Siwema, lakini havikumshika tena.

"Haya," alisema Sista. Akaenda kuleta maji ya chumvi na pamba ya kumlowesha midomo.

Bi Sikujua alishusha mkono wake taratibu, kwa maumivu. "Mwenyekiti tumempata," alisema. Kisha akageukia ukuta.

4

Nyuki walipotoka, Siwema aliwahisi kabla ya kitaa kubadilika. Chini ya mtulinga kulipita ujoto, ukateremka begani, ukazunguka kwenye kovu, ukazama mgongoni mahali penyewe hasa, pale ambapo mwezi mzima alikuwa halali chali. Wataalamu wanasema nyuki hawana sauti. Wanawake wote waliopitia nyumba zile wanaapa waliwasikia wakivuma, na Siwema aliwasikia pia. Alilala amefumba macho, machozi yanaingia masikioni, na kati ya vitu vyote alivyostahili kuhisi saa ile, alichohisi ni furaha.

Vitaa viligeuka vyeupe vyote vinne, ishara kwamba mizinga imefunguka. Sista Agripina alikuwa tayari na sindano. Dripu ikaanza kudondoka, na baada ya muda Tausi akavuta pumzi ndefu, akafumbua macho, akaomba atolewe jua usoni.

Alikuwa hai. Siwema alikaa akamtazama, akiurudia moyoni ukweli huo kwa namna ya mtu anayesoma hukumu yake aone kama ameachiwa. Si yupo hai? Si nilisema anaweza kungoja? Si alingoja? Kila kitu kilikuwa sawasawa, wote wanne wamepata dawa, hakuna aliyekufa. Angeweza kumweleza mtu yeyote mambo yalivyokwenda na mtu huyo angesema mwenyekiti alikuwa na busara.

Kisha Sista alimwambia Tausi abane kidole chake, mkono mmoja baada ya mwingine. Wa kushoto ulibana. Wa kulia ulilala juu ya shuka, kiganja juu, wala haukujua kama umeambiwa.

"Tena," alisema Sista. "Bana."

"Nabana," alisema Tausi.

Sista aliuinua ule mkono, akauweka vizuri tumboni kwa Tausi kama anayeweka mtoto wa mtu mwingine. "Unaweza kurudi," alisema. "Wengine huwarudia. Tutaufanyia mazoezi."

Tausi aliutazama mkono wake kwa muda. Ni mkono uliokoroga sufuria za kibanda chake miaka yote, uliojua chumvi bila kupima. Hakulia. Aliuliza tu kama kibanda kimefungwa vizuri, maana alimwachia shemeji yake funguo na shemeji yake ni msahaulifu.

Jua lilipoanza kulegea uliletwa uji. Nyumba zile zilikuwa na desturi yao, hakuna mtaalamu aliyeianzisha. Wagonjwa hufungua kwa bakuli moja na kijiko kimoja, wamekaa duara, na hakuna anayejilisha. Kila mmoja humlisha wa kulia kwake, mpaka kijiko kizunguke chote. Wanasema ni shukrani: njaa yangu imekuponya wewe, basi shibe yako itoke mkononi mwangu. Kundi hili lilikuwa limelisubiri duara hilo kwa hamu, na siku ya kwanza Tausi alikuwa ametania kwamba yeye ataukagua kwanza huo uji, ukiwa na mabonge anaurudisha jikoni.

Bi Sikujua alimlisha Jenista. Alifanya hivyo kwa upole, akamfuta na mdomo. Jenista alimlisha Siwema. Uji ulikuwa wa mtama, mwepesi, una maziwa na asali ya Manyoni, na tumbo la Siwema lililia waziwazi mbele za watu. Kisha kijiko kikaja mkononi kwake, na wa kulia kwake alikuwa Tausi, ameegemezwa mito miwili.

Siwema alichota. Alipuliza, ingawa uji haukuwa wa moto. Alisogeza kijiko mpaka kikagusa mdomo wa rafiki yake.

"Pokea, shoga yangu," alisema. "Pole. Pole sana. Tumevuka."

Tausi hakufungua mdomo. Hakukasirika wala kugeuza uso. Alimtazama Siwema kwa makini, kama vile anavyotazama nyama aliyoletewa na muuzaji asiyemjua, na Siwema alikaa vile vile, mkono hewani, uji ukianza kutiririka kwenye kiwiko. Bi Sikujua aliangalia sakafu. Jenista alisema, "Dada Tausi, jamani."

Ndipo Tausi alipoinua mkono wake wa kushoto, uliokuwa na mrija wa dripu. Akakitwaa kile kijiko, akakigeuza bila kumwaga zaidi, akakielekeza mdomoni mwa Siwema. Mkono wa kushoto. Mtoto mdogo huchapwa kwa kumpa mtu chakula kwa mkono huo.

"Kula wewe kwanza, mwenyekiti," alisema. Maneno yake yalikuwa yameshanyooka. "Mimi naweza kungoja."

Maneno yale hayakuwa na hasira ambayo mtu angeijibu. Siwema alitaka kusema jambo, na alikuwa nalo, lipo tayari, la mapacha na la alasiri. Lakini kijiko kilikuwa hapo mdomoni, kinanukia asali, na alikuwa na njaa ya siku mbili. Alifungua mdomo akameza.

Ulikuwa mtamu. Hakuwahi kuonja uji mtamu kama ule tangu azaliwe. Tausi alichota kijiko cha pili, akamngoja, na Siwema akafungua mdomo tena.